Siku tisa zilizonila dola 420

Nilipotoka Mombasa, nilichojua kuhusu kodi ya faida ya mtaji, ile unayotozwa ukiuza mali kwa faida, kilihusu viwanja. Kenya haiulizi umekaa na kiwanja miezi miwili au miaka ishirini: tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, basi. Nikafika Houston na akili hiyohiyo.

Machi 14, 2023 nilinunua hisa kwa simu. Machi 6 ya mwaka uliofuata nikaona zina faida ya dola 6,000, na siku hiyohiyo mjomba akapiga. "Mjomba," akaniambia (kwetu pwani tunaitana hivyo pande zote mbili), "masika yanakuja na nyumba haina bati." Nikaziuza zote nikiwa kwenye foleni ya chakula kazini. Bei niliitazama mara tatu, tarehe sikuitazama hata mara moja.

Februari ikaja fomu ya 1099-B, ile ya kuripoti hisa ulizouza, faida yangu yote imewekwa kwenye fungu la muda mfupi. Maana yake, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaijumlisha na mshahara na kuitoza kwa viwango vya mshahara, ambavyo kwa sehemu ya juu ya kipato changu ni asilimia 22. Hisa uliyokaa nayo zaidi ya mwaka ina viwango vyake: asilimia 0, 15 au 20, kutegemea kipato chako. Mimi ningekuwa kwenye 15. Nikalipa dola 1,320 badala ya 900.

Tena, mwaka kamili hautoshi. Siku ya kununua haihesabiwi, ya kuuza inahesabiwa. Kwa hiyo hata Machi 14 ningeuza mapema. Siku yangu ilikuwa Machi 15. Nafuu yangu ni kwamba Texas haitozi kodi ya mapato. Aliye Minnesota, jimbo nalo linanyoosha mkono.

Na bati? Mjomba alilinunua mwezi wa tano, mvua ilipopungua.

Siku hizi kabla ya kuuza nafungua orodha ya manunuzi, siyo ile jumla inayong'aa ukurasa wa mbele. Kila ununuzi una saa yake ya kuhesabu mwaka. Ukinunua kidogo kidogo kila mwezi, za Januari zinaweza kuwa zimevuka mwaka na za Juni bado. Hata gawio, ile faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, likirudishwa lenyewe kununua hisa huanza saa mpya, na hapo ndipo wengi wananaswa. Chagua mwenyewe uuze hisa za ununuzi upi. Usipochagua, kwa kawaida zinauzwa kwanza zile ulizonunua mwanzo.

Kusubiri nako kuna hatari yake. Hisa ikiporomoka ndani ya hizo siku tisa, hasara inaweza kuzidi dola 420, kwa hiyo mimi husubiri wiki kadhaa, sisubiri miezi minane. Hasara nayo usiitupe: inafuta faida, na ikibaki inapunguza mapato mengine hadi dola 3,000 kwa mwaka, kinachozidi kinavuka hadi mwaka unaofuata. Ila usiinunue hisa ileile ndani ya siku 30 kabla au baada ya kuiuza, hasara hiyo haitakubaliwa mwaka huo.

Na wewe mwenye kiwanja Kilifi unayelipa kodi kama mkazi wa Marekani: ukikiuza, IRS nao wanataka kujua. Tunza risiti ya ile asilimia 15 ya Kenya, utaihitaji kuomba ipunguzwe kwenye kodi ya huku.