Madini yapo, ila seli haziyaoni

Swali: Natengeneza kiunzi cha kuoteshea mfupa kwa polikaprolaktoni (plastiki inayooza mwilini) na unga wa haidroksiapataiti (madini ya kalsiamu kama ya mfupa), asilimia 20 kwa uzito. Nayeyusha polima kwa klorofomu, natia chumvi ya kuacha vitundu, kikikauka naitoa chumvi kwa maji. Seli hazishiki, zinabaki zimeviringana na kuelea. Nimepandisha unga hadi asilimia 30, hali ni ile ile, ingawa kipimo cha elementi kwenye darubini ya elektroni kinaonyesha kalsiamu tele. Nakosea wapi?

Jibu: Usiongeze unga tena, utapata kiunzi kinachomeguka tu. Ukilamba kashata, ulimi hukutana na sukari kabla ya karanga. Klorofomu inapokauka, polima huzifunika chembe za madini kwa ngozi nyembamba, na seli haina habari na kilicho chini yake. Kipimo chako hakidanganyi, ila kinachungulia ndani mno: kinasoma hadi mikromita moja na zaidi, kwa hiyo kinapenya ngozi hiyo na kukuletea kalsiamu ya chini. Kipimo cha fotoelektroni za eksirei husoma kama nanomita 10 tu za juu. Kama hamna mashine hiyo, tumia alizarini nyekundu, rangi ile ile ya kutambulia kalsiamu kwenye seli. Dondoshea, suuza vizuri, tazama: palipobaki wekundu ndipo madini yametokeza.

Sasa itoe ngozi. Loweka vipande kwenye sodiamu haidroksaidi ya molari 1, kimoja saa 1, kingine 4, kingine 12. Magadi haya hukata viungo vya esta, huparuza uso, na huacha vikundi vya kaboksili na haidroksili vinavyopenda maji. Pima uzito kabla na baada, maana ukizidisha unakula kuta za kiunzi chenyewe. Kisha suuza mpaka maji yanayotoka yarudi pH ya kawaida. Magadi yaliyojificha kwenye vitundu huua seli, nawe utausingizia uso.

Pembe ya tone la maji, inayoonyesha uso unapenda maji kiasi gani (ikiwa ndogo, unayapenda zaidi), ipime kwenye utando bapa wa mchanganyiko huo huo. Kwenye kiunzi chenye vitundu, tone hukalia hewa na kukupa namba ya uongo. Tena andika ni upande gani unaopima: uliokauka ukitazama hewa haufanani na uliolalia kioo. Mimi nilipoteza wiki nzima kwa kuvichanganya.

Wala usifukuze pembe ya nyuzi sifuri. Seli haishiki plastiki moja kwa moja, hushika fibronektini na vitronektini zilizotangulia kutua kutoka kwenye seramu, na uso unaopenda maji kupita kiasi huzikataa protini hizo.

Siku ya kupanda seli, loweka kiunzi kwenye ethanoli ya asilimia 70, vuta hewa kwa pampu, kisha badilisha na bafa ya fosfati mara kadhaa bila kukiacha kikauke. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke moto, usiiguse: polikaprolaktoni huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, utakuta kidimbwi.