Barua pepe ya mhasibu haina kazi kwenye tovuti

Msomaji mmoja mwenye kampuni ndogo ya utalii Arusha ameniandikia: "Kaka, kila asubuhi nafuta barua taka. Sasa kuna mtu anawaandikia wateja wangu kwa jina la mhasibu wetu, anadai tumebadilisha akaunti ya benki. Nifanyeje?"

Kisa hiki nakijua. Kuna mzee mmoja, simtaji, alitaka tovuti yake iwe na ukurasa wa wafanyakazi: picha, cheo na barua pepe ya kila mmoja, mhasibu akiwemo. Nikamwambia, mzee, hapana. Kuna programu, tunaziita roboti, zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikisoma msimbo wa kurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayojenga ukurasa. Zikikuta alama ya @ au neno mailto (linalowekwa kwenye kiungo cha kutuma barua pepe), zinachota anwani. Tapeli akishajua jina la mhasibu na cheo chake, kilichobaki ni kuandika ankara. Mzee akanijibu mbele ya watu wake kwamba sisi vijana wa kompyuta tunatisha watu ili tulipwe zaidi. Kazi akapewa mwingine, na salio langu sikuliona. Bado linaniuma, nisiseme uongo.

Mwezi uliopita kanipigia mwenyewe, sauti imeshuka. Mteja wa Ujerumani alikuwa ameshalipa amana ya safari kwenye akaunti ya tapeli. Nilikwenda. Bei ilikuwa mpya, na nusu nililipwa kabla sijafungua kompyuta.

Sasa tusikilizane. Toa anwani za watu binafsi, acha moja ya ofisi. Kuandika "(at)" badala ya @ si kinga ya kutegemea, roboti nyingi zimeshaizoea. Kuiweka kama picha ni kumfungia mlango asiyeona anayetumia programu ya kumsomea. Na zile orodha za bei za PDF nazo zinasomwa, jamani!

Weka fomu ya mawasiliano, lakini itazame kwa ndani. Kwa yule mzee, nilipofungua msimbo wa ukurasa nilikuta anwani ya mhasibu imekaa kwenye sehemu "iliyofichwa" ya fomu, wazi kwa yeyote. Anwani ya kupokelea ikae kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti, si kwenye ukurasa. Ongeza kisanduku kimoja ambacho binadamu hakioni. Kikirudi kimejazwa, aliyejaza ni roboti, tupa.

Kuficha anwani hakumzuii mtu kughushi domeni yako, yaani lile jina linalofuata @. Hapo unahitaji rekodi tatu za domeni: SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua zako, DKIM inayotia barua sahihi ya kidijitali, na DMARC inayosema barua isiyopita ukaguzi huo ifanyweje. Wengi wanaweka DMARC yenye p=none halafu wanalala, wakati hiyo inatoa ripoti tu, haizuii kitu. Soma ripoti, hakikisha barua zako halali zinapita, kisha panda hadi quarantine (barua ya kughushi itengwe kwenye taka) na baadaye reject (ikataliwe kabisa). Tapeli akisajili domeni inayofanana na yako kwa herufi moja, rekodi hizo hazimgusi. Waambie wateja kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe bila kupigiana simu.

Na wenye ofisi mjue, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina na anwani ya mfanyakazi si mapambo ya tovuti yako. Heshimuni watu wenu.

Kama anwani imeshachotwa, kuifuta kwenye ukurasa hakuirudishi. Mhasibu afunguliwe mpya, wateja wajulishwe kwa simu, ile ya zamani iendelee kupokea kwa miezi michache, kisha ifungwe.