Jibu: Mchanganyiko wenye lami ya zamani kupasuka mapema

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba mchanganyiko wako wa kujengea barabara, wenye asilimia 40 ya lami ya zamani iliyokwanguliwa barabarani, unapasuka mapema, na tanuri linatumia mafuta mengi. Anza kwa kupima unyevu wa lundo la lami hiyo iliyokwanguliwa. Mimi nilihangaika kwanza na vipimo vya lami, kumbe lundo lililoachwa wazi lilikuwa limenyonya mvua, na maji hayo yote sharti yageuzwe mvuke kwa moto, jambo linaloongeza mafuta yanayochomwa na kupunguza ile nafuu ya hewa ya kaboni unayokusudia kupata kwa kutumia lami ya zamani. Liezekee paa badala ya kulifunika kwa turubai, ambalo huzuia unyevu kutoka. Kuhusu nyufa, lami ya zamani hukakamaa kwa miaka ya jua na hewa; kwa kiwango chako, changanya na lami mpya iliyo laini zaidi, kisha pima ugumu wa mchanganyiko kabla ya kumwaga.