Chombo cha anga ndani ya bedsita: picha inapepesa, maneno hayasikiki

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunaishi Donholm. Tumeandika filamu fupi ya kuchekesha, ya mashabiki wa Star Trek (ule mfululizo wa televisheni wa safari za angani), ya dakika kama kumi na mbili. Inahusu kapteni na injinia wa chombo cha anga kinachokataa kuwaka. Tuna simu mbili, kompyuta moja ya mkononi na shilingi 15,000. Tulipojaribu kurekodi usiku ndani ya nyumba, picha ilipepesa, michirizi myeusi ikawa inapanda na kushuka ukutani, na maneno hayakusikika vizuri. Pesa za kujenga chombo hatuna. Tuanzie wapi? Na tukiiweka YouTube, kuna shida?

JIBU: Nianze na michirizi, kwa sababu tiba yake haidai hata shilingi. Stima ya Kenya ni ya Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko huwasha balbu mara mbili, kwa hiyo balbu nyingi za nyumbani, hasa za LED za bei ya chini na zile za mirija, hupanda na kushuka mwanga mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi hurekodi fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde, mwendo uliozoeleka Marekani ambako stima ni ya Hz 60. Ukigawanya 100 kwa 30 inabaki baki, na hiyo baki ndiyo mnayoiona ikitembea ukutani. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Mwanga ukizidi, shata iwe 1/100. Programu ya kamera iliyokuja na simu mara nyingi haikuachii uchague hayo. Programu ya Blackmagic Camera inakuachia, nayo ni ya bure kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android. Mkiwa humo ndani, fungeni fokasi, mwangaza na rangi ya mwanga ili visibadilike mtu akiwa katikati ya sentensi. Balbu ikiendelea kupepesa hata baada ya hapo, itoeni mweke nyingine. Na kama mtatumia kompyuta kama paneli ya chombo, pandisheni mwangaza wa skrini hadi mwisho, maana skrini nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka haraka, na kamera hulinasa hilo pia.

Sasa tuje kwenye sauti. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa naamini filamu yenu itasimama au itaanguka hapa.

Mtazamaji husamehe ukuta wa kadibodi. Katika vichekesho hata huufurahia. Lakini neno linalobeba kichekesho lisiposikika, kicheko kimekufa, na hakuna uhariri utakaokifufua. Mlichokipata usiku ule kina sababu iliyo wazi: simu ilikuwa mbali na mdomo. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo, huku mwangwi wa kuta za mawe na sakafu ya simiti ukibaki karibu vilevile. Ndiyo maana mlisikia chumba kuliko mlivyomsikia kapteni. Nunueni maikrofoni ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye kola na kuchomekwa kwenye simu. Maduka ya Luthuli Avenue yanazo tele. Nendeni na simu yenyewe mhakikishe plagi inaingia na sauti inarekodiwa kabla ya kulipa. Simu ya pili iwe ndiyo kinasa sauti chenu, ikae mfukoni mwa mwigizaji, maikrofoni ikiwa kama shubiri moja kutoka mdomoni. Sehemu kubwa ya bajeti yenu ianzie hapo.

Kila mnapoanza kurekodi, mmoja apige kofi moja mbele ya kamera. Mlio huo utaonekana kwenye picha na kusikika kwenye sauti, nanyi mtavilinganisha hapo. Kuna jambo linalowasumbua wengi bila kulijua: simu mara nyingi hurekodi kwa mwendo unaobadilika kidogo, fremu 25 hapa, 24 na ushei pale, hivyo kufikia mwisho wa onyesho refu midomo na maneno vimeachana. Pitisheni faili kwenye HandBrake, programu ya bure, mchague mwendo usiobadilika, kisha ndipo muanze kuhariri. Kwa uhariri wenyewe toleo la bure la DaVinci Resolve linawatosha kabisa, ikiwa kompyuta yenu ina nguvu ya kulibeba.

Tandikeni mablanketi sakafuni na mtundike mengine nyuma ya kamera, mahali pasipoonekana. Godoro likisimamishwa ukutani hunyonya mwangwi vizuri kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Zimeni friji, lakini kwanza irekodini.

Naam, irekodini. Wekeni maikrofoni karibu na mota yake, mnase dakika mbili. Mkiipunguza kasi hadi nusu kwenye kompyuta, mngurumo unashuka na kuwa mzito, na ghafla kile si friji tena, ni injini ya chombo kikubwa kilicho mbali na kila sayari. Tandazeni mngurumo huo, kwa sauti ya chini, chini ya kila onyesho la ndani ya chombo. Faida yake ni tatu kwa mpigo: mtazamaji anaamini yuko angani, mishono kati ya kipande na kipande inafichika, na matatu za Outer Ring Road zinazopenya dirishani zinamezwa. Chumba cha injini kiwe na mngurumo wa juu zaidi kuliko daraja, yaani chumba ambamo kapteni anaongozea chombo. Papo hapo mmepata vyumba viwili kutoka chumba kimoja, na hamjasogeza hata kiti.

Hii ni njia iliyotumiwa na wakubwa. Ben Burtt, fundi wa sauti wa Star Wars ya mwaka 1977, alipata mlio wa bunduki za mle kwa kugonga waya wa kushikilia mnara wa redio. Mlio wa panga za mwanga aliupata kwa kuchanganya mvumo wa mota ya projekta na kelele ya televisheni. Nyinyi mna jiji zima la kurekodi: shata ya duka ikiteremshwa, pampu ya baiskeli, dirisha la alumini likisukumwa (huo ndio mlango wenu wa chombo), mashine ya kusaga nafaka. Tafadhali msisogelee nguzo za stima wala waya zake kwa ajili ya mlio wowote.

Kwa kuwa chombo chenu kinakataa kuwaka, rekodini pia gari bovu asubuhi, lile linalokohoa na kuzima. Kapteni atoe amri nzito ya kuondoka kuelekea nyota za mbali, kimya kipite, kisha kikohozi hicho. Injinia agonge bodi mara mbili kama makanga anayemruhusu dereva, na hapo ndipo chombo kiondoke. Kila Mnairobi ataielewa bila neno kusemwa. Kitu kimoja tu: waigizaji wasicheke wala wasimkonyeze mtazamaji. Kapteni aamini kwa moyo wote kwamba bodi hugongwa hivyo, kwa kanuni, na kwamba injinia asipogonga watu watakufa. Kadiri chombo kilivyo duni, ndivyo uso wake unavyopaswa kuwa wa dhati.

Mko wawili, na hilo lisiwatie hofu, ila lazima skripti ilijue. Kapteni na injinia wakikaa kwenye fremu moja, nani atashika kamera? Basi watenganisheni. Mmoja yuko juu darajani, mwingine chini kwenye injini, wanaongea kwa redio. Bunilizi ya kisayansi inaruhusu jambo hili kuliko aina nyingine yoyote ya filamu. Siku ya kwanza rekodini upande wote wa kapteni, rafiki yako akiwa nyuma ya kamera na akisoma maneno ya injinia kwa sauti ya kweli, siyo ya kusomasoma, ili mapigo ya kichekesho yapate kupokezana. Siku ya pili mgeuze. Maonyesho ya kukutana ana kwa ana yabaki mawili au matatu, simu ikiwa kwenye stendi.

Kuhusu chombo, msijenge chombo. Jengeni pembe moja, mita mbili kwa mbili, na kamera isitoke humo. Kadibodi iliyopakwa rangi ya kijivu, trei za mayai, kibodi zilizokufa, taa ndogondogo za rangi, na nyuma yake kitambaa cheusi. Sogezeni kamera mbali kiasi na mkuze picha kwa lenzi ya pili kama simu inayo, ili mandhari ya nyuma yafifie. Maleba mtayapata Gikomba: tafuteni ovaroli mbili za rangi moja, zenye mifuko mingi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watawakunjia kipande cha bati kikawa chochote mtakacho, mkienda na mchoro. Katika Star Trek yenyewe, iliyoanza kurushwa mwaka 1966, baadhi ya vifaa vya matibabu vya daktari wa chombo vilikuwa vikopo vya chumvi ya mezani. Hata ile njia ya kuwayeyusha watu hapa na kuwatokeza kule ilibuniwa kwa sababu kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungekula bajeti. Ufukara uliwapa wazo ambalo dunia nzima inalikumbuka, nanyi mna haki ya kuufanyia kazi wa kwenu kwa njia hiyohiyo.

Kwa picha ya chombo kikiwa nje, tengenezeni kidogo kwa chupa na vifuniko, mkitundike kwa uzi wa kuvulia mbele ya kitambaa cheusi, mrekodi kwa fremu 100 au 120 kwa sekunde. Ikichezwa kwa 25 itakwenda polepole, na vitu vikubwa ndivyo huonekana kwenda hivyo. Skrini ya kijani, ile ya kubadilishia mandhari ya nyuma kwenye kompyuta, ningeiepuka. Inataka mwanga wake peke yake, mwigizaji asimame karibu mita mbili mbele yake, na video ya simu hubana rangi kiasi kwamba nywele zinabaki na ukingo wa kijani.

Mkihitaji sayari, machimbo ya mawe upande wa Ndarugo, Juja, yanaonekana kama mahali ambapo hakuna aliyewahi kuishi. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe, na msikaribie kingo. Ziwa Magadi linapendeza zaidi, ila nauli na joto vitawamaliza kabla ya onyesho la kwanza. Nairobi iko karibu na ikweta: saa sita mchana jua liko utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi, na jioni mwanga mzuri ni wa muda mfupi sana kabla giza halijaanguka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Fanyeni mazoezi mchana, mrekodi kuanzia saa kumi na moja.

Sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kwa filamu inayorekodiwa ili ionyeshwe hadharani au iuzwe. Kabla ya siku ya kwanza nendeni mkaulize KFCB, bodi ya serikali inayosimamia filamu, ni hatua zipi zinawahusu, na mkitaka kurekodi barabarani au katika bustani za jiji, ulizeni na kaunti. Droni ni ya kusajiliwa na kuidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa bajeti yenu isahauni.

Kwa upande wa Star Trek, wenye mali walitoa masharti ya filamu za mashabiki mwaka 2016, baada ya kuipeleka mahakamani filamu moja iliyokuwa imechangisha pesa nyingi. Hadithi moja isizidi dakika 15, hivyo dakika zenu kumi na mbili ziko salama. Jina la Star Trek lisiwe kwenye kichwa cha filamu, ila kuwe na kichwa kidogo kinachotaja kuwa ni kazi ya mashabiki, pamoja na tamko ambalo masharti yenyewe yanalitoa neno kwa neno. Hakuna kuchukua vipande vya filamu zao. Hakuna kulipa waigizaji, hakuna matusi wala pombe, na hakuna kipato chochote, hata cha matangazo ya YouTube.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niwashauri jambo ambalo hamkuliuliza. Hebu tazameni mlichoandika: chombo kinachokohoa, injinia anayegonga bodi, kapteni asiyekubali kwamba safari imeshindikana. Hakuna humo kinachomhitaji mtu mwingine. Badilisheni majina, sare na nembo, mtunge jeshi lenu la anga lenye makao yake Donholm. Haki zote zitakuwa zenu, tamko la mashabiki halitahitajika, mtaweza kuwasha matangazo na kuipeleka kwenye mashindano ya filamu fupi. Andikianeni tu makubaliano ya ukurasa mmoja, kabla ya kurekodi, kwamba kazi ni ya nani na pesa ikija itagawanywa vipi, mweke sahihi nyote wawili.