Rothenburg ob der Tauber: Lala Ndani ya Ukuta

Rothenburg ob der Tauber ni mji mdogo wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na ukuta wake wa zama za kati bado unauzunguka. Wageni wengi hawauonji: basi huwashusha saa 4 asubuhi, wanasongamana uwanja wa soko, wanapiga picha mbili tatu, na ikifika saa 11 jioni wameshaondoka. Ushauri tunaousisitiza kuliko mwingine wowote ni kulala humo usiku mmoja, ndani ya ukuta, si nje yake. Jioni na alfajiri vichochoro huwa vitupu, na ndipo mji unapojionyesha.

Kwanza kufika. Unapokata tiketi andika jina lote, kwa sababu Ujerumani ina Rotenburg na Rottenburg nyingine, na ukiacha "ob der Tauber" unaweza kujikuta mbali kabisa. Ukitoka Würzburg unabadilisha treni mara moja tu, pale Steinach. Ukitoka Nürnberg kwa kawaida unabadilisha Ansbach, kisha Steinach. Kipande cha mwisho ni kama dakika 14. Tiketi ya siku iitwayo Bayern-Ticket hupunguza gharama, hasa mkiwa kikundi, lakini siku za kazi huanza kutumika saa 3 asubuhi, na haifai kwenye treni za mwendo kasi kama ICE. Hapo ndipo wengi hutozwa faini.

Kutoka kituoni hadi lango la Rödertor ni mwendo wa dakika kama 10. Barabara za ndani zimetandikwa mawe, na sanduku la magurudumu madogo huteseka sana humo. Begi la mgongoni ni bora.

Kupanda ukutani ni bure. Panda ngazi za mawe pale Rödertor, kisha uelekee kusini mpaka lango la Spitaltor. Unatembea kwenye njia ya mbao chini ya paa la vigae, kwa hiyo hata mvua ikinyesha hulowi. Ila njia ni nyembamba, ukikutana na mtu mmoja wenu lazima abane ukutani, na boriti za paa ziko chini: mtu mrefu ainame. Mwenye kigari cha mtoto asijaribu. Njiani utaona vibao vya mawe vyenye majina ya watu na miji ya nchi nyingi. Tarehe 31 Machi 1945 mabomu yaliteketeza sehemu ya mashariki ya mji pamoja na kipande kirefu cha ukuta, na michango ya hao walioandikwa ndiyo iliyosaidia kuujenga upya. Visome, usivipite tu. Upande wa magharibi, juu ya bonde la mto Tauber, njia hiyo ya paa haipo, hivyo usipange kuzunguka mji wote ukiwa juu.

Kanisa la St. Jakob lina kiingilio, na wengi hulipa kisha wakatoka bila kuona kilicho bora. Madhabahu ya Damu Takatifu, iliyochongwa kwa mbao na Tilman Riemenschneider mwanzoni mwa miaka ya 1500, haiko mbele. Iko roshani ya magharibi, nyuma ya kinanda kikubwa, na unaifikia kwa ngazi. Angalia karamu ya mwisho: aliyesimama katikati ni Yuda.

Mnara wa ukumbi wa mji una vidato zaidi ya 200, na vya mwisho ni vyembamba mno. Mwenye kuogopa urefu au nafasi finyu abaki chini.

Saa 2 usiku, katika majira ya watalii, kiongozi wa watalii aliyevaa kama mlinzi wa usiku wa zamani, mwenye taa na shoka refu, huanza matembezi ya Kiingereza kutoka uwanja wa soko. Huna haja ya kuweka nafasi mapema, lakini uwe na fedha taslimu. Asiyelala mjini atazame kwanza saa ya treni ya mwisho.

Schneeballen, zile tufe za unga zilizokaangwa, utaziona kila dirisha. Ni kavu, wala si laini kama kaimati. Nunueni moja ya sukari ya unga mgawane kwanza. Na pale Plönlein, njiapanda inayopigwa picha kuliko zote, fika kabla ya saa 2 asubuhi.