Kwa dada wa Moshi mwenye kichanga na vipindi vya chuo cha Biblia

Bwana asifiwe, dada yangu. Umesema una mtoto wa miezi 4 na mwingine wa miaka 3, umerudi kufundisha chuo cha Biblia, Jumamosi unaandaa walimu wa shule ya Jumapili, maziwa yanapungua, na usiku unalia ukidhani umemwangusha Mungu. Hujamwangusha. Nami nilifundisha hapa Arusha huku kifua kimelowa.

Kama umeajiriwa, anza na haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Omba kwa barua, na upendekeze saa zenyewe. Jumamosi mwachie mwenzako mpaka mtoto afikishe miezi 6 na kuanza uji, huduma haitakukimbia. Na dada wa kazi usimwachie wote wawili, ni mzigo. Mkubwa ashinde kwa bibi, kama yuko karibu.

Ila kulia huko kukizidi wiki 2, usingoje maombi ya Ijumaa, nenda kliniki ya mama na mtoto uwaeleze wazi. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.