Mkuu, umeuliza kama usaini hiyo fomu ya kutamka kwamba huna maslahi kwenye zabuni. Usisaini!

Hapana, hapana. Shemeji yako ameomba zabuni ya vifaa vya ofisi hapo halmashauri, wewe umeteuliwa kamati ya tathmini, na bosi anakwambia "kaa tu, usichangie wakifika kwenye kampuni yake"? Huyo bosi na wa kwangu walilelewa nyumba moja.

Mimi nilimwambia mkuu wangu wa kitengo mapema kabisa kwamba mzabuni mmoja ni binamu yangu. Kwa mdomo, koridoni. Akacheka: "Mji wenyewe huu, nani asiye ndugu? Nyamaza tu ikifika zamu yake." Nikanyamaza. Ile fomu ya kutamka kwamba huna maslahi ikazungushwa mezani, nikaisaini kama karatasi ya mahudhurio. Binamu akashinda, tena kihalali, bei yake ilikuwa chini. Mkaguzi wa ndani alipokuja hakuhangaika na bei. Alishika saini yangu. Na mkuu wa kitengo alipoulizwa akasema hakumbuki mazungumzo hayo. Hakumbuki! Mtu anayekumbuka posho za semina za miaka iliyopita mpaka senti!

Nikasimamishwa, nikala nusu mshahara, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wananiita. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, matumizi mabaya ya madaraka, nakijua kama Baba Yetu. Walinirudisha kazini mwishoni, ila kamati za zabuni nazisikia kwa jirani. Binamu? Alipiga simu kunipa pole, kisha akauliza kama malipo yake yatachelewa.

Sasa sikiliza. Kunyamaza kikaoni si kujitoa. Andika dokezo kwa Afisa Masuuli, yaani Mkurugenzi wa halmashauri, maana ndiye anayeidhinisha uteuzi wenu. Taja namba ya zabuni, taja undugu wenu, omba uondolewe. Lipite masijala, ofisi ya kutunza majalada, lipewe folio, yaani namba ya ukurasa, kwenye jalada la zabuni, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Meseji ya WhatsApp kwa bosi si dokezo, hata akijibu kwa dole gumba. Ukiletewa fomu kabla hujajibiwa, usiiguse. Na wanaosema NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, imemaliza mambo haya: mfumo haujui dada yako ameolewa na nani.

Kuna mdau hapo juu kasema Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ni ya viongozi tu. Fomu ya kutamka mali ya kila 31 Desemba, sawa, ni ya viongozi waliotajwa humo. Mgongano wa maslahi kwenye manunuzi hauulizi cheo, asikudanganye.

Umesema kikao ni kesho asubuhi. Masijala wanafunga saa tisa na nusu, kwa hiyo toka humu jukwaani ukaandike.